Baba ameacha dawa akisubiri vijidudu vya kula mafuta ya mishipa

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Miezi minne iliyopita alianza kubanwa kifua akipanda ngazi. Alipelekwa Dar es Salaam, akaingizwa mrija kupitia mkononi, wakakuta mshipa mmoja wa moyo umeziba kwa asilimia 80 na mwingine kwa asilimia 40. Ule wa kwanza aliwekewa stenti, wa pili wakasema utatulizwa kwa dawa. Anatumia atorvastatin 40, aspirini, clopidogrel na kidonge cha presha. Sasa kaka yangu aliye Toronto ametutumia video inayosema wanasayansi wametengeneza vijidudu kwa baiolojia sanisi, vinaingia kwenye damu na kula mafuta yote yaliyoganda, na kwamba ipo sindano moja ya kubadilisha jeni ambayo ukichomwa huhitaji tena vidonge. Baba alikuwa analalamika kwamba vidonge vinamuumiza miguu, kwa hiyo ameacha kile cha mafuta, huu ni mwisho wa wiki ya tatu. Anasema atasubiri hiyo sindano. Je, habari hizi ni za kweli? Tuchange tumpeleke nje? Na mabadiliko ya jeni hayatatufikia sisi watoto na wajukuu?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya jeni na vijidudu kuna jambo la leo hii. Umesema baba ameacha kidonge cha mafuta. Nenda kafungue mfuko wake wa dawa, hesabu vilivyobaki, uhakikishe kwamba aspirini na clopidogrel bado anameza kila siku. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Mpaka utando wa ndani wa mshipa uote na kuufunika wavu huo, damu huuona kama kitu kigeni na hutaka kuganda juu yake. Dawa hizo mbili ndizo zinazoizuia. Mtu aliyewekewa stenti miezi michache iliyopita akiziacha ghafla, mshipa unaweza kufunga wote kwa mara moja, na hapo tutakuwa tunazungumzia shambulio la moyo. Ukikuta ameziacha nazo, usimalize kunisoma kwanza. Mpigie daktari wake sasa hivi.

Kama anazimeza, tukae tuzungumze. Kaka yako hakukutumia uzushi mtupu. Chini ya ile video kuna kazi ya kweli, na nyingine ni kazi nzuri sana ambayo mimi mwenyewe naifuatilia kwa matumaini. Tatizo ni kwamba mambo matatu yamesukwa kuwa ukili mmoja. Lipo la vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ya kuvunja vitu, vinavyovunja lehemu (kolesteroli), ambalo bado liko kwenye maabara na wanyama. Ipo sindano ya kuhariri jeni, ambayo imeshaingia kwa binadamu, ila kwa watu wachache. Na ipo ile ahadi ya kuachana na vidonge, ambayo hakuna aliye na haki ya kumpa baba yako leo.

Nianze na kitu chenyewe, maana wengi wanakifikiria sivyo, hata watu waliosoma. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa patholojia alitupa mkasi mdogo tufungue mshipa wa moyo wa marehemu mmoja. Nilitarajia kukuta mafuta yamekwama katikati kama kwenye bomba la karo la jikoni. Sikuyakuta. Njia ya damu ilikuwa nyembamba lakini safi, imepakwa ngozi laini nyeupe inayong'aa. Uvimbe ulikuwa ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya ile ngozi. Nilipoutoboa kwa ncha ya mkasi ukatoka ujiuji wa manjano, mzito, wenye chengachenga zinazometameta kama chumvi. Jina lake la kitabibu, ateroma, limetokana na neno la Kigiriki la uji, na tangu siku ile sijawahi kushangaa kwa nini. Siku hizi uvimbe huo tunauita plaki.

Plaki huanza miaka mingi kabla ya maumivu. Lehemu husafiri kwenye damu ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi vidogo, na vifurushi vinavyotutia hofu ni vile vya LDL. Vikizidi, vingine hupenya ngozi ya ndani ya mshipa na kunasa ukutani. Vikikaa humo huharibika. Mwili huviona kama uchafu na kutuma chembe nyeupe za damu kuja kuvila. Chembe hizo zinakula kweli, zinakula mpaka zinavimba, lakini hazina uwezo wa kukivunja zilichokimeza. Lehemu imejengwa kwa pete nne zilizoshikana, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata. Tunachoweza ni kuisafirisha tu: irudi kwenye ini, itiwe kwenye nyongo, itoke na choo. Chembe nyeupe zikishindwa kuirudisha, hufia palepale, na mabaki yake ndiyo ule uji. Juu yake mwili hujaribu kujenga kifuniko cha nyuzi, kama kovu.

Hatari kubwa iko kwenye hicho kifuniko. Kikiwa kinene, plaki inaweza kukaa miaka bila kufanya lolote zaidi ya kubana kifua mtu anapopanda ngazi. Kikiwa chembamba, siku moja hupasuka, uji hukutana na damu, damu huganda juu yake, na mshipa hufunga ndani ya dakika. Kwa hiyo usiuchukulie ule mshipa wa asilimia 40 kuwa ni mdogo wake wa asilimia 80. Mashambulio mengi ya moyo huanzia kwenye plaki ambazo hazikuwa zimebana sana. Namba ya kubana inatuambia kiasi gani njia imepungua, haituambii kifuniko kina nguvu gani. Mwaka 1972 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kwa plaki kama za Wamarekani wazee, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Ukiangalia njia peke yake ungesema hawana kitu.

Sasa vijidudu. Ni kweli kwamba wapo bakteria wanaoweza kuvunja zile pete nne. Yule wa kifua kikuu ni mmoja wao: akiwa amejificha ndani ya chembe nyeupe za mgonjwa, hula lehemu yake na kuishi kwayo. Watafiti wakajiuliza: tukichukua jeni za vile vimeng'enya tu, tukaziweka ndani ya chembe za binadamu, je, chembe hazitaweza kumaliza kile zilichoshindwa? Hapo ndipo baiolojia sanisi inapoingia, yaani kushona upya maagizo ya uhai ili seli ifanye kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Kwenye sahani za maabara na kwa wanyama wadogo wazo hili limeonyesha dalili njema. Lakini hakuna mtafiti makini anayepanga kumwaga bakteria hai kwenye damu ya mgonjwa. Bakteria hai ndani ya damu wanaweza kuleta sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga mwili mzima, na sepsisi inaua haraka kuliko plaki.

Kuna njia jirani pia. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan State na Stanford walieleza chembechembe ndogo mno zinazoingia ndani ya chembe nyeupe zilizo kwenye plaki na kuziamsha ili zianze kula maiti za seli zinazozizunguka, na plaki za panya zikapungua. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kimefundisha chembe za kinga kuitambua LDL iliyoharibika na kwenda kutuliza uvimbe palepale, vilevile kwa panya. Nazipenda kazi hizi. Ila ujue kwamba panya kwa asili hapati plaki kama yetu. Ni lazima kwanza aharibiwe jeni na kulishwa mafuta mengi ndipo augue. Tumeshawaponya panya wa namna hiyo mara nyingi sana.

Na usidhani nasema hivi kwa ubishi wa mzee. Nina kisa ambacho kilinifundisha kusubiri. Pale Limone sul Garda, kijiji kilicho kando ya ziwa kaskazini mwa Italia, ziko familia ambazo damu yao ilitakiwa kuwatisha madaktari: lehemu ile tunayoiita nzuri iko chini mno, mafuta mengine yako juu. Mmoja wao, mfanyakazi wa reli, alipimwa Milano, na mwaka 1980 Cesare Sirtori na wenzake wakaeleza kitu cha ajabu walichokikuta kwake na kwa ndugu zake: mishipa yao ilikuwa mizima. Walikuwa wamerithi herufi moja tu iliyobadilika kwenye protini inayozoa lehemu kutoka kwenye kuta za mishipa. Protini hiyo ikaitwa apoA-I Milano.

Jeni yake ikawekwa ndani ya bakteria wa maabara, bakteria wakawa kiwanda, protini ikachujwa na kusafishwa. Mwaka 2003 Steven Nissen na wenzake, Marekani, wakatangaza kwamba wagonjwa waliochomwa sindano tano tu, moja kila wiki, plaki zao zilikuwa zimepungua. Wagonjwa waliopimwa mwanzo na mwisho walikuwa 47. Wengi wetu tulishangilia. Nikawaambia wagonjwa wangu kwamba dawa ya kusafisha mishipa iko njiani. Miaka zaidi ya kumi baadaye ilitengenezwa upya kwa ubora zaidi, ikajaribiwa kwa watu waliokuwa tayari kwenye vidonge vya statini, kundi la dawa za kushusha lehemu ambamo atorvastatin ya baba yako imo, na haikuongeza chochote juu ya vidonge. Ikaachwa. Mwaka 2024 dawa jirani, iliyotengenezwa kwa protini ya aina hiyo kutoka kwenye damu ya watu, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 18,000 waliotoka kupata shambulio la moyo, nayo haikufikia lengo lake. Wagonjwa wangu wale niliwasubirisha bure, na namshukuru Mungu kwamba sikuwaambia waache vidonge.

Sindano ya jeni ni habari nyingine, na hii nataka uielewe vizuri, kwa sababu hapa kaka yako yuko karibu na ukweli.

Fikiria gati la bandari. Vifurushi vya LDL ni magunia yaliyorundikana gatini, ambako ni kwenye damu. Juu ya seli za ini wamepangana mahamali, ambao ni protini za kupokea LDL. Kila hamali huchukua gunia, huingia nalo ghalani, hulitua, kisha hurudi gatini kubeba jingine. Hamali mmoja huenda na kurudi mara zaidi ya mia. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, ndio waliomgundua, na mwaka 1985 wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini ini hutengeneza pia protini iitwayo PCSK9. Hii humng'ang'ania hamali, akiingia ghalani hatoki tena, husagwa humohumo. PCSK9 ikiwa nyingi, mahamali hupungua, na magunia hujaa gatini.

Mwaka 2003 watafiti waliofuatilia familia za Ufaransa zenye lehemu ya juu kupita kiasi walikuta jeni ya PCSK9 yao inafanya kazi kwa ukali mno. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, nao wa Dallas, wakaligeuza swali: wako wapi watu ambao jeni hiyo imezimika? Wakawapata, na wengi walikuwa watu wenye asili ya Afrika. Kati ya Wamarekani Weusi waliochunguzwa, asilimia 2.6 walikuwa na nakala iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na walipofuatiliwa kwa miaka 15 hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilionekana kuwa chini kwa asilimia 88. Hayo yalichapishwa 2006. Mwaka uliofuata ikaelezwa habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi nakala zote mbili zikiwa zimezimika. LDL yake ilikuwa 0.4 tu, kwa kipimo kilekile cha mmol/L kilichoandikwa kwenye karatasi ya baba yako, na alikuwa mzima wa afya. Kila ninapofundisha somo hili nasimama hapo kidogo. Ujuzi unaouzwa leo kwa mabilioni ya dola ulisomwa kwanza kwenye damu ya watu wetu.

Ndipo likaja wazo: kama wapo waliozaliwa na jeni iliyozimika na wako salama, kwa nini tusiizime kwa mgonjwa? Kampuni ya Verve ya Boston ilitumia njia ambayo haikati nyuzi zote mbili za DNA. Hubadilisha herufi moja tu, na jeni ya PCSK9 inanyamaza. Maagizo hayo hufungwa ndani ya vitone vya mafuta, vya jamaa moja na vile vilivyobeba baadhi ya chanjo za Uviko-19, na kudungwa kwenye mshipa wa mkono kama dripu ya saa kadhaa. Vitone vikifika kwenye ini huvutwa ndani, na kwa sehemu kubwa mlango vinaopitia ni yule yule hamali wa LDL. Mgonjwa wa kwanza alipata dripu hiyo New Zealand, Julai 2022.

Matokeo ya watu kumi wa mwanzo yalitangazwa Novemba 2023. Wote walikuwa na ugonjwa wa kurithi wa lehemu ya juu. Waliopata dozi kubwa, LDL yao ilishuka kwa asilimia 39 hadi 55. Hayo ndiyo yaliyoimbwa kwenye video. Ambayo hayakuimbwa ni kwamba mshiriki mmoja alipata shambulio la moyo siku moja baada ya dripu, na mwingine alifariki wiki tano baadaye. Wasimamizi huru walisema kifo kile kilitokana na ugonjwa wake wa moyo uliokuwa umeshakomaa, na naona sababu ya kuwaamini, maana hawa walikuwa wagonjwa sana. Aprili 2024 usajili ulisimamishwa baada ya vipimo vya ini na chembe za kugandisha damu kuvurugika kwa mshiriki mmoja. Vikalaumiwa vitone vya mafuta. Wakabadilisha kitone, wakaanza upya. Aprili 2025 wakatoa matokeo ya toleo la pili: watu 14, na kwenye dozi kubwa zaidi LDL ilishuka kwa wastani wa asilimia 53, bila tatizo kubwa lililohusishwa na dawa. Baadaye mwaka huo kampuni ya Eli Lilly ikainunua Verve. Kampuni nyingine, CRISPR Therapeutics, ilitangaza Novemba 2025 matokeo ya kuzima jeni tofauti iitwayo ANGPTL3 kwa watu 15, nayo LDL ikashuka karibu nusu kwenye dozi kubwa.

Kumi, kumi na wanne, kumi na watano. Hizo ni hesabu za abiria wa daladala moja. Dawa ya baba yako imejaribiwa kwa maelfu kwa maelfu ya watu kwa zaidi ya robo karne, na tunajua inafanya nini mwaka wa kwanza, wa tano na wa ishirini. Herufi ya DNA ikishabadilishwa hairudishwi. Kama ina madhara yatakayojitokeza baada ya miaka kumi, mtu hawezi kusema "leo sitaimeza."

Kuhusu nyinyi watoto, ondoa hofu. Ninyi mmeshazaliwa, na DNA yenu mliipata siku mlipotungwa. Hakuna kitu anachoweza kuchomwa baba leo kikaja kuibadilisha. Kwa wanaopanga kuzaa baadaye swali ni la haki, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliusimamisha utafiti huo nchini mwake kwa karibu mwaka mzima, kuanzia Novemba 2022, ikidai ushahidi zaidi juu ya hilo pamoja na mambo mengine. Watoto wa panya majike waliopewa dawa walikaguliwa, na badiliko halikuonekana kwao.

Hata sindano hiyo ikithibitika kuwa salama, angalia inafanya nini. Haigusi plaki. Inaongeza mahamali kwenye ini ili magunia yapungue gatini. Na unajua ni kitu gani kingine kinachoongeza mahamali? Atorvastatin. Statini hulibana ini lisitengeneze lehemu yake lenyewe. Ini likiona limepungukiwa, linaajiri mahamali zaidi kuivuta kutoka kwenye damu. Miligramu 40 za atorvastatin hushusha LDL kwa karibu nusu. Kati ya wale watu 14, waliopata dozi kubwa zaidi nao ilishuka kwa nusu hivi, ingawa kwa wengi ilikuwa nyongeza juu ya vidonge walivyokuwa wakimeza. Baba ameacha mlango ulio wazi, anasubiri mwingine unaoelekea chumba kilekile.

Tena kama anachokitaka ni baiolojia sanisi, ameshakuwa nayo nyumbani. Njia mojawapo ya kiwandani ya kutengeneza kiungo muhimu cha atorvastatin hutumia vimeng'enya vilivyosanifiwa upya maabara, na ilipewa tuzo ya kitaifa ya kemia safi Marekani mwaka 2006. Insulini wanayochoma wenye kisukari hutengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni ya binadamu, tangu 1982. Mwambie hilo, huenda likamgusa.

Je, plaki inaweza kupungua? Inaweza, kidogo. Mwaka 2006 utafiti mmoja ulipima plaki kwa kamera ya mawimbi ya sauti ndani ya mshipa, kabla na baada ya miaka miwili ya statini ya nguvu, na sehemu ya ukuta iliyojaa plaki ikapungua kwa karibu asilimia moja. Mwaka 2016 wagonjwa walioongezewa sindano ya kuzuia PCSK9 juu ya statini walipata punguzo la ukubwa huohuo zaidi ya wenzao, wakati wenzao hawakusogea. Asilimia moja itakukatisha tamaa ukifikiria bomba. Ukikumbuka kifuniko, hadithi inabadilika: LDL ikishuka, uji hupungua, kifuniko hunenepa, plaki hutulia. Kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, mashambulio ya moyo, viharusi na haja ya kuzibua mishipa hupungua kwa zaidi ya moja ya tano. Huo ndio usafishaji tulio nao, na unaokoa watu.

Sasa miguu ya baba. Usimwambie anajifanya. Statini huweza kuumiza misuli, na maumivu yake ni ya kweli. Lakini mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara kama hayo. Waliwapa miezi ya statini, miezi ya vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na miezi bila kidonge chochote, bila kujua ni mwezi gani wanameza kipi, isipokuwa ile isiyo na kidonge. Asilimia 90 ya maumivu waliyoyapata kwenye statini waliyapata pia kwenye vidonge vitupu. Kidonge kinapomezwa kwa hofu, mwili huisikiliza hofu. Kwa hiyo arudi kliniki, apimwe kimeng'enya cha misuli na tezi ya shingo, aangaliwe kama ana upungufu wa vitamini D, kisha wajaribu tena. Wanaweza kuanza na dozi ndogo, kubadilisha kwenda rosuvastatin, au kuongeza ezetimibe ambayo huzuia lehemu kunyonywa tumboni. Wengi hupata inayowakubali. Ila akiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, au misuli imelegea kiasi cha kushindwa kuinuka kitini, au macho yamekuwa manjano, aache na aende hospitali siku hiyohiyo.

Mkiwa kweli na fedha za kuchanga, ulizeni sindano zilizokwishaidhinishwa za kuzuia PCSK9: evolocumab na alirocumab zilizoingia 2015, huchomwa kila wiki mbili, au inclisiran ya mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Ni ghali mno kwa mifuko yetu, na sitawashauri muuze shamba kabla ya statini na ezetimibe kujaribiwa kikamilifu na LDL kubaki juu. Kwa mtu mwenye stenti lengo linalotumika Ulaya ni chini ya 1.4 mmol/L.

Nje ya nchi msimpeleke kwa ajili ya sindano ya jeni. Hadi ninapoandika haijaidhinishwa popote kwa kushusha lehemu. Inapatikana ndani ya utafiti tu, na utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Atakayewaambia mlipe dola elfu kadhaa mkachomwe jeni kwenye kliniki yake, popote pale, mkimbieni. Akitaja utafiti, mwombeni namba yake ya usajili, mkaitazame ClinicalTrials.gov au kwenye rejesta ya tafiti za Afrika, PACTR, na mkamuulize daktari wa moyo aliyemwekea stenti.

Kuna alama ambazo hazisubiri miadi. Akibanwa kifua akiwa amepumzika, au kubanwa kusikoisha ndani ya dakika kumi, au maumivu yakipanda shingoni, tayani au mkononi pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi. Au uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakikwama, mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu wakati huohuo, usiku au mchana. Msimwache alale kwanza aone asubuhi.

Na wewe na kaka yako mna kazi yenu. Angalia vyeti vya baba vya mwanzo, kabla hajaanza dawa. Kama LDL yake ilikuwa 4.9 au zaidi, au kama yupo baba mdogo au shangazi aliyepata shambulio la moyo mapema, kabla ya miaka 55 kwa mwanamume au 65 kwa mwanamke, huenda mna lehemu ya juu ya kurithi, na kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Mtazame pia baba nyuma ya kifundo cha mguu, kwenye ile kano ngumu ya kisigino; ukiiona imenenepa kama ina uvimbe ndani, mwonyeshe daktari. Mpime wote kipimo cha lehemu, na mahali kinapopatikana mpime mara moja maishani ile iitwayo lipoprotini(a), ambayo kwa wastani iko juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na hurithiwa moja kwa moja.

Baba akirudia kidonge leo, apimwe LDL baada ya wiki sita hadi nane. Niandikie namba itakayotoka, pamoja na ile ya zamani, na uniambie miguu inasemaje.